Tuwasome Wanaobishana

Kila mwaka muhula unapoanza, darasa langu la fasihi hupewa kazi ambayo wengi wao hawajawahi kupewa tangu waanze shule: kuchagua wenyewe waandishi watakaowasoma. Tangu sekondari wamekuwa wakiletewa orodha. Diwani mbili, riwaya mbili, tamthiliya mbili. Ukishaipata orodha unatafuta mwongozo dukani, au madesa ya waliokutangulia, unakariri dhamira na wahusika, unaingia chumba cha mtihani. Nani aliiandaa orodha hiyo, na majina ya nani yalikatwa kabla haijafika darasani, hakuna anayeuliza.

Mimi nafundisha chuo cha ualimu, kwa hiyo swali hilo kwangu si la pembeni. Vijana hawa watasimama karibuni mbele ya watoto wa watu na kuwaambia kwamba fulani ni mwandishi mkubwa. Nataka wajue kuwa orodha hutengenezwa na watu, kwa sababu zinazoweza kuulizwa na kujibiwa, na kwamba siku moja watakaoitengeneza ni wao.

Kipindi tunachokichagulia ni cha Azimio la Arusha: tangu Februari 1967, TANU ilipotangaza kwamba nchi itafuata siasa ya ujamaa na kujitegemea, hadi mwaka 1985, Mwalimu Nyerere alipong'atuka urais. Kwangu mimi hakuna kipindi cha fasihi yetu kilichojaa kama hiki. Tanzania Publishing House ilikuwa imeanzishwa mwaka 1966. Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa mwaka 1967. Mwaka 1968 Farouk Topan akaanza kufundisha fasihi ya Kiswahili kwa Kiswahili chenyewe pale chuo kikuu cha Mlimani, Dar es Salaam. Leo tunaliona hilo kuwa jambo la kawaida kabisa, lakini fikiria kumhakiki mshairi kwa lugha yake mwenyewe wakati hata istilahi za uhakiki bado zinatafutwa.

Ubao hujaa upesi. Kezilahabi, Ebrahim Hussein, Penina Muhando, Mnyampala, Kandoro, Said Ahmed Mohamed, Mohamed Suleiman Mohamed, Adam Shafi, Mung'ong'o, Ngomoi, Balisidya, Mvungi, Mulokozi na Kahigi, Musiba, Muhammed Said Abdulla na Bwana Msa wake, Abdilatif Abdalla. Muhula wetu unabeba sita. Ukiwasoma sita kwa vitabu vizima, ukurasa kwa ukurasa na bila mwongozo, muhula umekwisha.

Swali la kwanza huwa la mpaka, na huletwa na jina la Shaaban Robert. Hakosi wa kuliandika ubaoni. Mwingine humkumbusha kwamba Shaaban Robert alifariki Juni 1962, karibu miaka mitano kabla ya Azimio, basi jina linafutwa. Kisha anainuka mwenye Utubora Mkulima mkononi: mtu anaacha kazi ya ofisini mjini, anakwenda shamba kushika jembe, na anapata huko utulivu ambao mshahara haukumpa. Kitabu hicho kilichapishwa mwaka 1968. Aliyekinunua mwaka huo, huku masikio yake yamejaa habari za kilimo na kujitegemea, alikisoma kama kitabu cha zamani au kama kitabu cha siku zake? Ubishi huu huuacha uende mpaka kengele ilie, maana ndani yake wanagundua jambo lenye faida: mwandishi ana tarehe zake na kitabu kina tarehe zake, na kipindi cha fasihi hakifungwi kwa kaburi la mtu. Mathias Mnyampala naye alifariki mwaka 1969, na Ngonjera za UKUTA zikatoka mwaka 1970 na 1971. Hata hivyo Mnyampala tunamchukua na Shaaban Robert tunamwacha, kwa sababu Mnyampala aliliandikia Azimio akilijua, na mwenzake hakulijua. Kila darasa limekubaliana nami juu ya hilo, ingawa wengine kwa shingo upande.

Mpaka ukishawekwa, huja hoja ya ukubwa. “Mwalimu, tuchukue wale wakubwa tu, tumalize.” Nikiwauliza wamejuaje kuwa fulani ni mkubwa, wanasema walimsoma shuleni. Na kwa nini alisomwa shuleni? Kwa sababu ni mkubwa. Hapo tunazunguka mahali pamoja. Huwa nawatajia Rosa Mistika, riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Inamhusu msichana wa Ukerewe aliyelelewa kwa ukali na kufichwa dunia, akaenda shule ya bweni na dunia ikamwangukia. Kwa muda fulani ilipigwa marufuku kusomwa shuleni. Leo Kezilahabi ndiye jina la kwanza kuandikwa ubaoni kila mwaka. Ukubwa wake haukutoka katika orodha rasmi ya wakati wake, na darasa lililoifuata orodha hiyo bila kuuliza lisingekutana na Rosa.

Kwa hiyo nimeshika njia nyingine, na ndiyo ninayoitetea hapa. Tuchague waandishi wanaobishana. Tutafute jambo lililoitikisa nchi, tuulize nani alilisemea nini, kisha tuwachukue wale ambao majibu yao hayakai pamoja.

Jambo lenyewe ni vijiji. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kufikia mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa mashambani wawe wanaishi vijijini, na Operesheni Vijiji ikahamisha mamilioni. Kwetu Dodoma ilianza mapema zaidi, mwaka 1971. Mama yangu alikuwa msichana. Waliiacha tembe ya babu wakahama na mbuzi, mitungi na jiwe la kusagia. Miaka ikapita, nikazaliwa, nikaanza shule ya msingi, na mimi mwenyewe nikawa miongoni mwa watoto waliosimamishwa mbele ya wageni kughani ngonjera za kuvisifu vijiji vile vile. Nilizipenda mno. Nilipokuwa mtu mzima nilimwuliza mama alizionaje. Akasema ngonjera ilikuwa tamu na kuhama kulikuwa kuchungu, na nisimlazimishe kuchagua kimoja.

Ngonjera ni majibizano ya kishairi. Mmoja anasimama upande wa asiyejua au asiyetaka, mwingine upande wa anayejua, wanajibizana beti kwa beti hadi yule wa kwanza anasadiki na wote wanaafikiana. Mnyampala, Mgogo aliyekifanya Kiswahili kuwa lugha ya moyo wake, ndiye anayehesabiwa kuwa mwasisi wa ngonjera za kisasa. Mwaka 1968 Nyerere aliwaomba washairi wakalieneze Azimio, na chama chao, UKUTA, kikalibeba jukumu hilo. Wanachuo wengi hutaka kumkata Mnyampala papo hapo. “Hii ni propaganda, Mwalimu.” Mimi nasema asikatwe. Ngonjera ilifika mahali ambapo riwaya haikufika: uwanja wa shule, sherehe za Saba Saba, mapokezi ya mkuu wa wilaya. Watu ambao hawakuwahi kununua riwaya maishani mwao walizijua beti za ngonjera kwa moyo. Ukisoma kipindi cha Azimio bila ngonjera unasoma maktaba ya Mlimani tu, unaiacha nchi nje. Na kuna la zaidi. Ngonjera ni ubishi ambao mshindi wake anajulikana kabla haujaanza. Mwanachuo akishaliona hilo kwa macho yake, akiusikia mdundo wa zile beti na kuona jinsi asiyekubali anavyopewa maneno dhaifu, yuko tayari kwa Kezilahabi.

Katika Dunia Uwanja wa Fujo, ya mwaka 1975, kijana Tumaini anahangaika na dunia, anatajirika kwa kilimo, kisha mali yake inachukuliwa ujamaa unapoingia. Anamuua kiongozi wa serikali, naye anahukumiwa kifo. Siku ya Krismasi ya mwaka 1971, huko Ismani, mkulima Saidi Mwamwindi alimpiga risasi Dkt. Wilbert Klerruu, mkuu wa mkoa wa Iringa, na baadaye akanyongwa. Siamini kwamba msomaji wa mwaka 1975 aliweza kuufikia mwisho wa riwaya ile bila Ismani kumjia akilini. Gamba la Nyoka, ya mwaka 1979, inaingia vijijini moja kwa moja. Tunawaona wanakijiji wanaolazimishwa kuhama, na vijana wawili wasomi, Mambosasa na Mamboleo, wanaokuja na maneno makubwa ya vitabuni na kukuta watu wana maneno yao wenyewe. Hakuna anayesadiki kirahisi humo. Mwandishi haupingi ujamaa kama wazo, na ndiyo maana kitabu kinauma. Anauliza nani aliulizwa.

Weka hapo John Ngomoi na Ndoto ya Ndaria, ya mwaka 1976, ambamo anayeupinga ujamaa ni tajiri mwenye maslahi yake, na anashindwa. Weka Claude Mung'ong'o na Njozi Iliyopotea, ya mwaka 1980, inayotazama ndoto ile ile ikiharibikia mikononi mwa waliopewa kuilinda. Ngomoi ana ndoto, Mung'ong'o ana njozi, kati yao ipo miaka minne tu. Kama ningekuwa na mihula miwili, mmoja mzima ningeutumia kwa vitabu hivi pamoja na ngonjera, nisiongeze kingine.

Ubishi wa pili hauhusu siasa kwa uso wake, ingawa ndani yake siasa imo. Mwaka 1974 Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani ya mashairi yasiyo na vina wala mizani. Wanamapokeo walikasirika. Kwao shairi lisilo na vina halikuwa shairi, na sheria zilikwisha kuandikwa na Kaluta Amri Abedi katika kitabu chake cha mwaka 1954. Saadani Kandoro, mmoja wa waasisi wa TANU na mshairi mwenye jina, alisimama upande wa vina. Kwa upande mwingine walikuja Mulokozi na Kahigi, ambao Malenga wa Bara yao ilitoka mwaka 1976. Vijana wangu hupenda kuugeuza mzozo huu hadithi rahisi: wazee wa vina ni watiifu kwa watawala, vijana wa masivina ni waasi. Na hapo ndipo ninapolileta jina la Abdilatif Abdalla.

Abdilatif ni wa Mombasa. Mwishoni mwa mwaka 1968 alikamatwa kwa kuandika na kusambaza karatasi iliyoiuliza Kenya inakwenda wapi, akafungwa hadi Machi 1972. Gerezani alitunga mashairi akiyaandika kwenye karatasi za chooni, nayo yakatoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Ni mashairi ya vina na mizani safi, kwa Kimvita kilichonyooka, yenye adabu zote za mapokeo, na hakuna katika kipindi kile aliyeyalipia maneno yake ghali kama yeye. Mwaka 1974 kitabu kilipata tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Mwanachuo aliyekuwa ameshikilia kwamba vina ni utii hukaa kimya, anafungua tena, anasoma kwa sauti.

Kila mwaka yupo anayepinga: huyu ni Mkenya, kipindi ni cha Tanzania. Ni pingamizi la haki, na jibu lake liko katika maisha ya mtu mwenyewe. Alipotoka gerezani Abdilatif alikuja Dar es Salaam, akafanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili hadi mwaka 1979, katikati kabisa ya joto la mijadala tunayoisoma. Na tazama vitabu vyenyewe. Rosa Mistika, Kichwamaji, Kichomi, Dunia Uwanja wa Fujo: vyote vya Mtanzania wa Ukerewe, vyote vilichapishwa na wachapishaji wa Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka ukafungwa. Gamba la Nyoka ikatoka Arusha. Ukikata kwa bendera unakata mahali ambapo uzi haukukatika.

Kuhusu wanawake siachi jambo kwa kura. Nalisema wazi mbele ya darasa, na atakayeona nawaonea aniambie. Darasa likichagua kwa umaarufu, mara nyingi wanawake huachwa wote, kisha mmoja anarudishwa mwishoni ili orodha isionekane vibaya. Sitaki arudishwe kwa huruma. Mwaka 1975 peke yake Ndyanao Balisidya alitoa Shida, akimfuata Chonya anayetoka kijijini kwenda kutafuta maisha Dar es Salaam. Mwaka huo huo Martha Mvungi akatoa Hana Hatia na Penina Muhando akatoa Pambo. Huu ni mwaka ule ule wa Dunia Uwanja wa Fujo. Kwa nini basi kila mwanafunzi anamjua Tumaini na wachache wanamjua Chonya?

Kwa orodha yetu tunamchukua Muhando, na kitabu chake tunachokisoma ni Nguzo Mama, ya mwaka 1982. Wanawake wa kijiji wanataka kuisimamisha nguzo. Hawana majina ya kawaida, wanaitwa Bi Moja hadi Bi Nane. Kila mmoja ana dhiki yake na shughuli yake. Kila nguzo inapokaribia kuinuka kuna anayeitwa nyumbani, kuna anayemwonea mwenzake wivu, kuna mume aliyekunywa. Nguzo haisimami. Tuliwahi kuisoma kwa kugawana sehemu, na mwanachuo mmoja wa kiume aliyepewa sehemu ya mume alisita katikati akasema maneno haya ameyasikia kwao. Muhando anabishana na Mnyampala na Ngomoi na hata Kezilahabi kwa mpigo: ninyi nyote mnajadili kijiji, lakini nani anateka maji ya kijiji hicho? Tena anafanya hivyo kwa ngoma, nyimbo na msimulizi anayesema na watazamaji, mambo ambayo bibi yeyote wa Berega alikozaliwa angeyatambua kuwa ni yake.

Zanzibar nayo ina swali lake. Waandishi wa visiwani ndio waliokuwa na Kiswahili kitamu kuliko wote katika kipindi hiki, hilo nalisema mimi niliyezaliwa bara. Kiu na Nyota ya Rehema za Mohamed Suleiman Mohamed, Asali Chungu na Utengano za Said Ahmed Mohamed, Kasri ya Mwinyi Fuad na Kuli za Adam Shafi. Darasa huyumba hapa kwa siku kadhaa. Mwishoni tunamchukua Shafi na Kuli yake, iliyochapishwa mwaka 1979, kwa sababu ya jambo ambalo mwanachuo mmoja wa Pemba alilitambua kabla yangu. Alisema hivi: waandishi wa bara wanaandika juu ya nchi yao ya leo, wa visiwani wanaandika juu ya jana. Kuli ni hadithi ya mgomo wa wapagazi wa bandarini wa mwaka 1948. Kasri ya Mwinyi Fuad inaishia kwenye mapinduzi. Ukoloni na umwinyi vinachambuliwa hadi mfupa, lakini Zanzibar ya baada ya Januari 1964 inaguswa kidogo mno. Haini, riwaya ya Shafi inayoingia katika magereza ya baada ya kuuawa kwa Mzee Karume mwaka 1972, ilichapishwa mwaka 2003. Kwa hiyo tunapomsoma Shafi wa mwaka 1979 tunasoma pia miaka 24 ya kusubiri, na darasa linajifunza kuuliza kitabu kinanyamazia nini na kwa gharama ya nani.

Nafasi ya sita ndiyo inayoleta vita. Mwaka huu kijana mmoja wa Newala alisimama akasema: “Madamu, baba yangu hajawahi kumsoma hata mmoja kati ya hao. Alimsoma Willy Gamba.” Darasa likacheka, na mimi nikamwomba aendelee. Willy Gamba ni jasusi wa Elvis Musiba. Kufa na Kupona ilitoka mwaka 1974: nyaraka za siri za wapigania uhuru zinaibwa Dar es Salaam, Gamba anatumwa Nairobi kuzifuata. Kuna wanawake warembo, hoteli kubwa, bastola, na magari yanayokwenda mbio. Wahakiki wakaiweka kapuni pamoja na riwaya pendwa nyingine. Lakini Dar es Salaam ya wakati ule ndiyo iliyokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU. Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa hapo hapo mjini kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alichotumiwa kwa posta. Uhuru wa Msumbiji, Angola na Zimbabwe ulikuwa jambo ambalo Mtanzania wa kawaida alilibeba moyoni, na akilini mwangu hakuna mwandishi aliyemfanya mtu huyo alipe pesa yake mwenyewe kulisoma kama Musiba alivyofanya. Gamba anakula vizuri na kuvaa vizuri katika nchi inayohubiri jasho na jembe, na hakuna aliyemwita bepari. Hiyo nayo ni hoja katika ubishi wetu. Msomaji wa vijijini na mjini alitaka kuiona nchi yake ikishinda kwa namna hiyo pia.

Kwa upande wa pili alisimama binti mmoja mwenye Mashetani mkononi. Alikuwa na haki ya kusimama. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, ndiye mwandishi mkubwa wa tamthiliya tuliye naye, na katika Mashetani, ya mwaka 1971, marafiki wawili, Juma na Kitaru, wanaigiza mchezo wa shetani na binadamu hadi mchezo unawageukia. Mmoja anatoka katika ukoo uliopoteza mali na cheo, mwingine katika tabaka jipya linalopanda. Hakuna kitabu cha kipindi kile kilichoona mapema kiasi hicho kwamba uhuru na ujamaa vilikuwa vinazaa mabwana wapya. Binti akasema kumwacha Hussein ni aibu kwa chuo.

Nilipiga kura yangu kama mtu mmoja tu, nikampa Musiba. Nilieleza kwa nini. Karibu wote walikwisha kukisoma Kinjeketile cha Hussein kabla hawajafika chuoni, na watakaokwenda kusoma shahada watamkuta Hussein tena akiwasubiri. Musiba hawatakutana naye katika orodha yoyote maishani mwao. Darasa lenye nafasi sita halipaswi kuzitumia zote kuthibitisha lililokwisha kuthibitishwa. Musiba akashinda, kwa kura chache.

Ikabaki kazi ya kuvitafuta vitabu, na hapo orodha nyingi nzuri hufia. Vitabu vingine vya miaka ile havijarudiwa kuchapwa muda mrefu. Gamba la Nyoka tulikuwa na nakala tatu za darasa zima, moja haina jalada. Kufa na Kupona tuliipata kwa mzee mmoja anayeuza vitabu vya zamani pembezoni mwa soko, akatuuliza mara mbili kama kweli ni kwa ajili ya chuo. Tumeunda makundi, kila kundi linasoma kitabu kwa siku zake kisha linakisogeza. Kundi la Mnyampala limetakiwa lighani ngonjera moja yote mbele ya wenzao bila kusoma karatasini, na siku inayofuata kundi la Kezilahabi lijibu kwa sura ya Gamba la Nyoka watakayoichagua wenyewe. Kundi la Abdilatif lina sharti la kukisoma Kimvita chake kwa sauti hadi wakizoee, kabla ya kufungua faharasa.

Yule binti wa Mashetani hakukubali matokeo. Alinishika siku ya pili ofisini, akanisalimu, kisha akaniambia kwamba kwa njia yangu mwenyewe nimekosea hesabu: kama tunachagua wanaobishana, Juma na Kitaru wanabishana na Willy Gamba kuliko mtu yeyote ubaoni, kwa kuwa Gamba anaamini nchi ina adui wa nje tu. Sikuwa na jibu la kumridhisha. Nimempa saa mbili za Jumamosi kwa watakaopenda kuja, wasome Mashetani pamoja na Kufa na Kupona, kurasa kwa kurasa. Hadi naandika haya, waliojiandikisha ni zaidi ya nusu ya darasa.